Ulezi wa Mkwe Wangu na Zebaki Niliyoipepeta

Waliokuwapo siku ile barazani kwangu, hapa Makole, ni hawa. Mimi mwenyewe, mwenye nyumba. Mkamwana wangu, mke wa kitindamimba wangu, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa likizo ya uzazi. Mama yake mzazi, yaani mkwe wangu, aliyekuwa amefika jana yake kwa basi kutoka upande wa Kondoa kuja kumwona mjukuu. Wifi yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye anakaa nyumba ya uani. Mjukuu wangu wa kike wa miaka minne, yule asiyejua kutulia. Na mdogo wake, kichanga ambaye hata shingo ilikuwa haijakaza. Mwanangu, baba wa hao watoto, hakuwapo. Ni dereva wa lori na siku zile alikuwa safarini.

Majina yao yote ninayo, na ya mama zao, na ya wakunga waliowazalisha, maana kichwa changu hakijawahi kudondosha jina la mtu. Lakini sitayaandika. Jambo lenyewe ni la aibu, na aibu hiyo ni yangu, sioni kwa nini wao waibebe pamoja nami.

Nianze na ulezi. Mkwe wangu aliposhuka kwenye bajaji, dereva alimsaidia kushusha kiroba kimejaa mpaka mdomoni, kimeshonwa kwa kamba ya katani. Na yeye, huku kiroba kinatua chini kwa kishindo, ananiambia, "Mkwe, utanisamehe, nimekuja mikono mitupu." Ndivyo alivyo. Ulezi ule aliulima mwenyewe, kilimani kwao, akauvuna kwa kisu, akaupura. Aliuleta kwa ajili ya binti yake anywe uji wa uzazi, maziwa yapatikane, na huyu mkubwa naye anenepe.

Kile kiroba kilikuwa na uzito mwingine ambao haupimwi kwa mizani. Mwanangu na mke wake walifunga ndoa bomani. Kanisani kwetu ilishindikana, msikitini kwao ilishindikana, wazee wa pande zote mbili walinuna. Mkwe wangu huyu peke yake ndiye aliyesimama katikati akasema watoto waachwe. Kwa hiyo alipoleta chakula cha shamba lake nyumbani kwangu, nilielewa kinasema nini. Nilikipokea kwa mikono miwili.

Sasa nije kwenye kipimajoto. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, basi. Lakini nilifanya kazi miaka mingi ya kufua shuka katika hospitali moja ya misheni, na siku naondoka, sista mmoja alinipa kipimajoto cha kioo, kile chenye uzi wa fedha unaopanda ndani. Alinifundisha kukikung'uta ili uzi ushuke, na kukisoma. Nilikitunza kabatini ndani ya soksi. Majirani wa mtaa mzima walikuwa wananiletea watoto wao niwapime, na mimi nilikuwa nakiinua juu kwenye mwanga, nakisoma polepole, wao wamenyamaza wanasubiri. Nitasema ukweli, nilipenda ule ukimya wao.

Mwanangu alishaninunulia kingine, cha betri, kinachopiga kelele kama saa. Alinieleza kwamba hivi vya zamani vikivunjika vina sumu, na kwamba siku hizi hata hospitali wameviacha. Nikamjibu kwamba kile cha betri kinasema uongo. Nikakiweka mahali ambapo ni mkamwana tu aliyekuwa anakichukua.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, na ule upepo wa mwezi wa saba unaoingiza vumbi mpaka ndani ya chumvi. Tulitandika turubai barazani, mimi na mkwe tukaanza kuusafisha ulezi. Nilikuwa nimepanga tuupepete wote, tuukaange kidogo upate harufu, halafu upelekwe mashineni. Wifi yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, kazi yake ni mdomo.

"Wifi, leo unapepeta kama unaonyesha wageni," aliniambia.

"Mgeni mwenyewe ndiye mwenye ulezi, nimwonyeshe nini?"

"Umwonyeshe kuwa Wagogo nao wanajua zaidi ya uwele."

Mkwe alicheka, akasema, "Mwache anionyeshe. Kwetu tunasikia tu habari zake." Ni kweli nilikuwa najulikana kwa kupepeta. Kwenye misiba na harusi nilikuwa naitwa kwa ajili hiyo hiyo. Nafaka ikiwa na mawe, ikiwa na mavi ya panya, ikiwa imeliwa na wadudu, wanasema mpelekeeni yule bibi.

Mchana mkwe aliingia ndani kuswali. Mkamwana akatoka na kichanga, uso umembadilika.

"Mama, naona mtoto anachemka."

"Lete nimpime."

"Ninacho hiki hapa, Mama," akanionyesha kile cha betri.

"Hicho weka. Nenda kabatini uniletee changu."

Hakubisha. Alikileta ndani ya soksi yake. Nikasimama pale pale kwenye turubai, ungo umejaa ulezi juu ya kigoda kingine mbele yangu, nikainua mkono, nikakikung'uta kama nilivyofundishwa, kwa nguvu za mtu anayetazamwa. Kikagonga nguzo ya baraza. Kikakatika. Kilichokuwa ndani kikamwagikia kwenye ungo, na matone mawili matatu yakaruka kwenye sementi.

Mkamwana alimkumbatia kichanga akarudi nyuma, na mkono mwingine akamvuta yule mkubwa.

"Mama, msishike! Hiyo ni zebaki." Alipoona nimesimama tu, akashusha sauti. "Mama, naomba ungo huo uachwe hapo hapo ulipo. Ulezi ulioko kwenye ungo ndio ulioharibika, huo utatupwa. Huu mwingine wa kwenye kiroba hauna tatizo. Ngoja nimwahishe huyu kliniki, nikirudi nitakuwa nimeuliza namna ya kusafisha."

Alitaka kuondoka na watoto wote wawili. Mimi nikasema, "Huyu mkubwa utahangaika naye, niachie." Nikamsogelea, nikamwomba, "Na mama yako usimwambie bado." Akaniangalia, akaitikia kwa kichwa. Mkwe alipomaliza kuswali wakapanda bajaji pamoja, bila yeye kujua lililotokea.

Hapo ndipo ningekaa kitako nikasubiri. Sikusubiri.

Nataka nieleze nilivyowaza, si kwa kujitetea. Sisi tuliokulia huku Ugogoni tuliona njaa. Nilimwona mama yangu anaokota punje za mtama kwenye vumbi, moja moja, na hakuwa anaona haya. Kumwaga nafaka ni kitu ambacho mkono wangu haukufunzwa. Na hii haikuwa nafaka yangu, ilikuwa ya mkwe. Nilijiona nikimweleza, mkwe, ule ulezi wako, ungo mzima nimeumwaga jalalani. Nikajiambia, mimi ndiye yule wanayeniletea nafaka chafu. Hii nayo nitaitoa.

Nikaokota vipande vya kioo. Halafu nikaanza kuokota zile shanga za zebaki kwa vidole, nikizitia kwenye kikombe cha chai. Hazishikiki. Unabana moja, zinakuwa tatu. Mjukuu wangu alikuwa amechuchumaa mbele yangu, macho yamemtoka.

"Bibi, nipe kimoja."

Nikampa. Naandika hivi mkono wangu unakuwa mzito, lakini nilimpa. Nilimwekea tone moja kwenye kiganja, akalizungusha, likakimbilia kwenye kidole gumba, likarudi.

"Kinakimbia, Bibi! Kinakimbia!"

Akacheka, na mimi nikacheka. Wifi naye akainama kutazama, akasema, "Angalia, kama jicho la samaki." Tulikuwa watu wazima wawili pale.

Nilipoona zile kubwa zimekwisha, nikauchukua ungo nikaanza kuupepeta ulezi. Anayejua kupepeta anafahamu kwamba makapi huenda na upepo, na mawe, kwa kuwa ni mazito, ukitikisa hukusanyika upande wako. Zebaki haikufanya hili wala lile. Kila nilipotikisa ilijikata. Vitone vikawa vidogo kama punje za ulezi, halafu vidogo kuliko ulezi, halafu nikawa sivioni. Na mimi kutoviona nikakuita usafi. Nikaurudisha ulezi ule kwenye turubai pamoja na mwingine, na kwa kuwa kazi ilikuwa imenoga, nikaupitisha ulezi wote kwenye ungo ule ule, kidogo kidogo, mpaka kiroba kikajaa tena. Nikachukua ufagio nikafagia sementi, vumbi likaenda na upepo. Kikombe nikakiweka juu ya rafu ya jikoni.

Waliporudi, kichanga alikuwa amepoa. Yalikuwa mafua tu, akapewa dawa. Mkwe aliingia kumlaza. Mkamwana akabaki barazani, akatazama turubai lililokunjwa.

"Mama, ulezi wa kwenye ungo uko wapi?"

"Nimeshaupepeta. Umekuwa safi kabisa."

"Umeuweka wapi?"

"Umo na mwenzake, kirobani."

Alifungua mdomo wa kiroba, akawasha tochi ya simu, akamulika kwa pembeni. Nikaona mwenyewe. Katikati ya ule wekundu wa ulezi vilimetameta vijidoa, huku na huku, kila alipohamisha mwanga. Akaufunga. Akanishika mkono, akanipeleka jikoni, akafungua dirisha lote na mlango wa nyuma.

Alinieleza kwa sauti ya chini yale aliyoambiwa na nesi. Kwamba zebaki hata ikikaa tu bila kuguswa inatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, na hewa hiyo ndiyo inayoingia mwilini. Ikipata joto ndiyo mbaya zaidi. Kwamba inaharibu ubongo na figo, na watoto wadogo ndio inaowaumiza upesi. Kwamba ufagio haufai, kwa kuwa unaisambaza na kuipasua.

"Mama, na ule mpango wa kuukaanga," akasema, "tungeukaangia humu humu, na mimi nimekaa na mtoto mgongoni."

Nilitafuta pa kutazama. Kikombe kilikuwa juu ya rafu, usawa wa sufuria za uji.

"Kwa hiyo unatupwa ungo mmoja?" nikauliza, kwa kuwa bado nilikuwa najaribu.

"Mchana ulikuwa ungo mmoja, Mama. Sasa ni kiroba kizima."

Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Kioo kinaweza kumvunjikia mtu yeyote. Lakini zebaki ilikuwa imeharibu ungo mmoja tu, na mkono wangu, ule unaosifiwa, ndio uliouharibu ulezi uliobaki.

Mkamwana alitaka amwambie mama yake saa ile ile. Nikamkataza. Nilimwambia niachie, nitamweleza mwenyewe kwa utaratibu wangu. Yeye ameolewa kwangu, ananiheshimu, akaniachia. Zebaki ya kikombeni aliihamishia kwenye chupa, akaifunga kwa nguvu. Kiroba tukakiingiza kwenye mifuko miwili ya nailoni, tukakifunga, tukakisukuma nyuma ya bafu la nje, mahali ambapo hapapiti mtu. Alisema Jumatatu atampigia bwana afya aje akichukue. Na mimi utaratibu wangu sikuuona.

Kesho yake mkwe aliamka na furaha. "Mkwe, tuwashe jiko tukaange ule ulezi."

"Nimeshaupeleka mashineni," nikamjibu. Uongo ulitoka wenyewe, hata sikumeza mate.

"Bila kuukaanga?"

"Huku kwetu hatukaangi."

Nikaenda dukani nikanunua unga wa ulezi, nikaukorogea uji. Mkwe alinywa funda moja. Akalizungusha mdomoni. Akalimeza, akaweka kikombe chini taratibu, akasema, "Huu si ulezi wangu." Si kwa ukali. Alisema kama mtu anayeambiwa jina la mwanawe akasikia si lenyewe. Mimi nikasema labda mashine imechanganya na wa watu wengine. Wifi yangu akadakia kwamba mashine za mjini ndivyo zilivyo.

Mkwe alikiona kiroba Jumatatu asubuhi, kabla bwana afya hajapigiwa. Alikuwa anatafuta mahali pa kuanika nguo za mtoto, upepo umezirusha mpaka nyuma ya bafu, akazifuata. Kamba ya katani ilikuwa inaonekana ndani ya nailoni, na mshono ni wake.

Mimi nilikuwa barazani nachambua mlenda. Nilimwona anapita bila kuniangalia. Alipotoka chumbani alikuwa amevaa mtandio wake wa safari na begi liko mkononi. Mkamwana alimfuata nyuma akimsihi, "Mama, subiri kwanza, Mama," naye hageuki.

"Mkwe," akaniambia, amesimama, "mimi sikuja kugombana. Nimekuja kuwaona wajukuu, nimewaona, narudi."

"Mkwe, kaa kidogo."

"Wakati wa kuulizia hii ndoa, wazee wetu waliniambia, kule chakula chao hutakila, na chakula chako hawatakila. Niliwabishia. Nilisimama mbele ya kaka zangu wakubwa nikasema chakula ni chakula, na yule mama ni mtu. Leo nimekuta chakula changu kimefungwa kwenye nailoni ubavuni mwa bafu."

Wifi yangu, Mungu amsamehe, akaona atusaidie. "Lakini shemeji, na ulezi wenyewe ulikuwa na mawe mawe."

"Wifi, nyamaza," nikasema. "Nyamaza kabisa."

Mlenda ulikuwa mapajani, niliusahau, nikasimama ukamwagika. Nikamweleza. Sikupata maneno mazuri. Nilimwambia kipimajoto ni changu na nilikataa kile cha betri kwa kiburi. Nilimwambia kilivunjikia kwenye ungo. Nilimwambia binti yake alinikataza nisiguse, na mimi nikapepeta, na kwa kupepeta nikauharibu wote. Kwamba hakuna aliyekikataa chakula chake hapa, ila mimi nilikuwa naona haya kumwambia, na haya hiyo ndiyo iliyonifanya nimdanganye tena na tena. Nilikuwa naongea namtazama miguuni, viatu vyake vya plastiki vina udongo mwekundu wa kwao. Mtu wa umri wangu, najieleza kama mtoto aliyeiba sukari.

Halafu akauvuta mkono wangu wa kushoto.

"Na pete imefanya nini?"

Nilitazama. Pete yangu ya ndoa, ya dhahabu, upande mmoja ilikuwa nyeupe kama bati. Sijui ilikuwa hivyo tangu lini, sikuwa nimeiangalia. Mkamwana akasema ni zebaki, inaila dhahabu ikigusana nayo. Mkwe akaushikilia mkono ule mbele ya macho yake, akaugeuza, nadhani hapo ndipo aliponiamini.

Nikamwambia na la mjukuu. Kwamba nilimpa zebaki akaichezea kiganjani.

Mkamwana hakuwa amelijua hilo. Hakunitukana, hakunipandishia sauti, alisema tu, "Mama," halafu akaingia ndani mbio kumtafuta mtoto.

Mkwe aliweka begi chini. "Ulezi tutalima mwingine, mkwe," akasema. "Mtoto tutamlima wapi?" Akaanza kumvalisha mjukuu viatu.

Tulipanda bajaji moja wote, isipokuwa wifi. Kule hospitali daktari alimkagua mtoto macho, mdomo, ngozi, akamwambia anyooshe mikono aone kama inatetemeka. Akaniuliza mimi maswali, mbele ya watu wote waliokaa kwenye benchi. Alishika kwa muda gani? Aliweka mdomoni? Alilala chumba kipi? Kikombe kilikaa wapi, wazi au kimefunikwa? Nilijibu kila swali. Watu walikuwa wananitazama kwa huruma, na huruma yao ilinikaa vibaya kuliko wangenicheka. Daktari alisema hamwoni na dalili, kwamba kuigusa kwa muda mfupi si sawa na kuivuta hewa yake siku nyingi, lakini tumwangalie, na tukiona anatetemeka, au amekuwa mkali bila sababu, au hataki kula, au ngozi imetoka vipele, tumrudishe. Siku zilizofuata nilikuwa namtazama mtoto anavyoshika kijiko mpaka akaniuliza, "Bibi, kwani nimefanya nini?"

Bwana afya alikuja alasiri ile ile, kijana mwenye glavu na ndoo yenye mfuniko. Alitutoa wote nje, akafungua madirisha yote. Aliinama sakafuni na tochi, akawa anazisogeza shanga kwa kipande cha boksi gumu mpaka zinaungana, anazivuta kwa bomba la sindano, na zile ndogo kabisa anazibandua kwa selotepu. Kila kitu kikaingia kwenye chupa na ndoo. Kiroba alikichukua, ungo ukaenda, ufagio ukaenda, soksi ikaenda. Nilimuuliza kama tungeweza kukichoma kiroba au kukitumbukiza chooni tumalize. Akasema, "Hapana, Bibi. Ukiichoma unaivuta, ukiitupa chooni unaipeleka kwenye maji ya watu."

Akatuuliza kuna nini kingine ndani. Zile balbu za kuokoa umeme, za kujiviringisha, zikiungua tunazipeleka wapi? Mkamwana akasema mtoto anapewa achezee. Akatuonya, nazo zina zebaki kidogo, zisivunjwe, ziwekwe kwenye boksi mpaka zipelekwe panapostahili. Halafu akauliza kama kuna mtu anapaka mafuta ya kujing'arisha, yale yasiyo na maandishi ya kueleza yametengenezwa na nini.

Wifi yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, uso mweupe, vifundo vya vidole vyeusi.

"Mimi napaka nazi," akasema.

"Nazi ya wapi hiyo, Bibi?" yule kijana akamuuliza, na hata mkwe wangu aliyekuwa na huzuni akafunika mdomo kwa mtandio.

"Ya dukani."

"Niletee kopo niione hiyo nazi."

Alilileta, amelificha kwenye kanga. Kijana alisoma pande zote, akasema halina jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo, na ya namna hiyo mengi huwekwa zebaki. Akamwambia kwamba taulo lake na mto wake vinawafikia watoto wanaomlalia. Wifi alilia. Nilimwonea haya kama ninavyojionea mimi, maana mjukuu wetu analala kwake kila mwanangu anaporudi safari. Kopo nalo likaingia kwenye ndoo.

Mkwe hakuondoka siku ile. Alikaa mpaka siku aliyokuwa amepanga, alikula kwangu, alinisindikiza sokoni, tuliagana vizuri, akanipa mkono wote. Lakini kazi ya nafaka hatukuifanya tena pamoja. Nilinunua ungo mpya, nikauacha ukutani akiwapo.

Mwaka huu baada ya mavuno alituma tena mzigo kwa basi. Nilikwenda kuupokea mwenyewe stendi. Niliubeba, nikahisi ni laini, haukwaruzi. Alikuwa ametuma unga. Ameshaupepeta kwao, ameshaukaanga, ameshausaga, ameufunga tayari kwa sufuria. Akanipigia simu kuuliza kama umefika.

"Umefika, mkwe. Umejisumbua sana, ungetuma tu ulezi tukausaga huku."

"Aa, nimekupunguzia kazi, mkwe wangu," akasema. "Umri umekwenda."

Mkamwana anasema ni wema. Wifi anasema ni fumbo. Mimi nimekorogea watoto uji, wamekunywa wakaomba tena, mkubwa anashika kijiko vizuri tu, na kila nikiutia unga kwenye maji naona uso unapata moto. Sijamuuliza na sitamuuliza. Ana haki ya yote mawili.

Limebaki jambo moja ambalo hatukubaliani. Mimi nakumbuka, na nimeandika hivyo hapo juu, kwamba habari ya kumpa mjukuu zebaki niliitoa mwenyewe, kabla mtu hajaniuliza. Mkamwana anakumbuka kwamba mama yake ndiye aliyeuliza kwanza, "Na mtoto alikuwa wapi wakati unaokota?", nikakaa kimya, akauliza tena, ndipo nikasema. Majina sisahau, lakini maneno huenda nayapanga yanipendeze. Wewe uliyekuwa barazani siku ile, au uliyesikia kutoka kwa mkwe wangu mwenyewe, kama ni yeye aliyeniuliza, niambie. Nitasahihisha.